Kuratibu Utafiti wa Ubongo wa Mtoto Mchanga na Malezi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa na mratibu wa utafiti kwa ajili ya watu wa aina mbili: wale wanaoingia katika kazi ya uratibu kwa mara ya kwanza, na wazazi wanaofikiria kumwandikisha mtoto wao katika utafiti wa namna hii. Nimewaweka pamoja kwa makusudi, kwa kuwa mratibu asiyejua mzazi anahofia nini hawezi kuifanya kazi hii ipasavyo, na mzazi naye ana haki ya kusikia yale tunayoelekezana sisi wenyewe.

Mratibu hufanya kazi gani hasa?

Mtafiti mkuu ndiye mwenye swali la utafiti na ndiye anayewajibika mbele ya kamati ya maadili. Mratibu ndiye anayehakikisha kwamba swali hilo linamfikia mtoto na kurudi na jibu la kuaminika. Huandaa maombi ya kibali na kuyahuisha kabla muda wake haujaisha, huwafundisha wasaidizi wa utafiti, hupanga miadi, hutunza fomu za ridhaa, hukagua vifaa kabla familia haijafika, na huandika kila jambo lililokwenda kinyume na itifaki, yaani utaratibu ulioandikwa wa utafiti. Zaidi ya yote hupiga simu, na simu hizo hula sehemu kubwa ya siku kuliko wengi wanavyodhani. Familia humfahamu mratibu kuliko inavyomfahamu mtafiti mkuu, na mara nyingi inaporudi kwa ziara ya tatu au ya nne, inarudi kwa sababu ilipokewa vizuri katika ziara ya kwanza.

Kwa nini utafiti uanze mapema hivyo, wakati mtoto hajui hata kuzungumza?

Kwa sababu ndicho kipindi ambacho ubongo unabadilika kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote baada ya kuzaliwa. Mtoto anapozaliwa, ubongo wake una uzito wa karibu robo ya ubongo wa mtu mzima, na anapotimiza miaka 2 huwa umefikia takriban asilimia 80 ya ukubwa huo. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo haitokani na seli mpya za neva, kwani nyingi kati ya hizo zilikwisha kuundwa mimba ikiwa tumboni. Linatokana na matawi ya seli hizo, na miunganiko baina yake iitwayo sinapsi, na utando wa mafuta uitwao mayelini ambao huzifunika nyuzi za neva na kuharakisha ishara zinazopita ndani yake. Mwaka 1979 Peter Huttenlocher, daktari wa neva wa watoto aliyehesabu sinapsi kwa hadubini katika tishu za ubongo za watu waliofariki wakiwa na umri tofauti, alionyesha kwamba katika gamba la sehemu ya mbele ya ubongo msongamano wa sinapsi kwenye umri wa mwaka 1 hadi 2 hupita ule wa mtu mzima kwa takriban nusu, kisha hupungua taratibu. Ubongo hujenga kwa wingi, halafu hupogoa, na kinachotumika ndicho kinachobaki.

Upogoaji huo unaonekana hata katika tabia. Janet Werker na Richard Tees walichapisha mwaka 1984 matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 waliokuwa wakilelewa katika Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wanaozungumza Kiingereza huona vigumu kuzitofautisha, na kwamba walipofika miezi 10 hadi 12 uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Kwa mratibu, maana yake ni kwamba miezi 4 ya kuchelewa si jambo dogo: mtoto aliyepangiwa kupimwa akiwa na miezi 6 na akaletwa akiwa na miezi 10 amekuwa mtoto mwingine kwa upande wa swali tunalouliza.

Mzazi anayesoma haya akiwa na mtoto wa miaka 4 asifadhaike. Ubongo huendelea kujifunza na kujirekebisha kwa miaka mingi, na sehemu zinazohusika na kupanga mambo na kujizuia hukomaa baada ya miaka ya balehe kupita. Umri wa mwanzo una uzito wake, lakini si mlango unaofungwa na ufunguo kutupwa.

Malezi yanapimwaje bila kumhukumu mzazi?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kwa kirefu, kwa sababu hofu ya kuhukumiwa ndiyo inayowafanya wazazi wengi wakatae kushiriki. Kuna hojaji, kuna usaili, na kuna kinasa sauti kidogo ambacho mtoto huvaa kwenye mfuko wa fulana kwa siku nzima ili tujue anasemeshwa mara ngapi na yeye anajibu vipi. Lakini chombo chetu kikuu ni kuangalia. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza hivyo nchini Uganda katika miaka ya 1954 na 1955, akiwatembelea akina mama wa Kiganda majumbani na kuandika namna walivyowaitikia watoto wao. Baadaye, akiwa Baltimore, alibuni jaribio la vipindi 8 vifupi ambamo mtoto wa karibu mwaka mmoja anaachwa na mama yake kwa muda mfupi na kuungana naye tena. Jambo linalotazamwa zaidi hapo ni namna mtoto anavyompokea mama anaporudi, wala si kama alilia alipoachwa.

Kuna pia jaribio la uso mkavu, ambalo mwanasaikolojia Edward Tronick na wenzake walilichapisha mwaka 1978. Mama anacheza na mtoto wake ana kwa ana, kisha kwa dakika chache anautuliza uso wake, hatabasamu wala hajibu chochote, halafu anarudi kucheza kama kawaida. Nimelitazama mara nyingi na bado hunigusa. Mtoto wa miezi 5 kwanza hutabasamu, kama anayesema "mama, niko hapa." Asipojibiwa hunyoosha mikono, hupaza sauti, huinama mbele, kisha hugeuza macho pembeni, hushika ukanda wa kiti chake na kuutafuna. Mama anaporudi, wengine hucheka mara moja, na wengine hununa kidogo kabla ya kusamehe. Akina mama wengi hutokwa na machozi hapo, na msaidizi wa utafiti lazima awe amefundishwa kukaa nao na kuwaambia ukweli, nao ni huu: hata katika mchezo wa kawaida mama na mtoto hukosa kulandana kwa sehemu kubwa ya muda, na kinachohesabika sana katika utafiti wetu ni namna wanavyopatana tena.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi tunaongeza upande wa pili, kwamba mtoto naye humfundisha mzazi namna ya kulea: mchanga anayelia usiku kucha na mwenzake anayelala kwa amani hawawezi kumfanya mama awe yuleyule. Ndiyo maana tunawapima wote wawili, tena zaidi ya mara moja.

Je, utafiti unaweza kuthibitisha kwamba malezi fulani ndiyo yaliyosababisha ubongo kuwa hivi au vile?

Kwa tahadhari kubwa. Hatuwezi kuwagawa wazazi kwa bahati nasibu na kuwaambia hawa wawe wapole na wale wawe wakali, kwa hiyo tafiti nyingi huonyesha uhusiano tu, na uhusiano huo unaweza kuwa umebeba ndani yake urithi wa kibayolojia, lishe, umaskini au afya ya mama. Mfano unaotajwa mara nyingi wa jaribio lenye makundi yaliyogawanywa kwa bahati nasibu ni mradi wa Bucharest nchini Romania, ulioanza mwaka 2000 chini ya Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah. Watoto 136 waliokuwa wakiishi katika vituo vya kulelea watoto waligawanywa, nusu wakapelekwa kwa walezi wa familia na nusu wakaendelea na huduma iliyokuwepo. Walipofika miaka 8, wale waliokuwa wamehamia kwa familia kabla ya kutimiza miezi 24 walikuwa na mawimbi ya umeme wa ubongo yaliyokaribiana na ya watoto ambao hawajawahi kuishi kituoni. Mradi huo pia uliibua mjadala mzito wa maadili, na kila mratibu mpya angefaa kuusoma mjadala huo kabla hajashika fomu ya ridhaa.

Vipimo vya ubongo vinaumiza au vina madhara?

Kipimo tunachokitumia zaidi ni EEG, ambacho hupokea umeme hafifu ambao ubongo wenyewe huutoa. Hakuna umeme unaoingizwa kwa mtoto. Aina moja ya kifaa hicho ni wavu wa elektrodi (vipokezi vidogo vya umeme) zenye sponji, unaolowekwa katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi na matone ya shampuu ya watoto. Mama humpakata mwanawe. Msaidizi mmoja hukaa mbele yao akipuliza mapovu ya sabuni, na mwingine, kutoka nyuma, huutanua wavu kwa mikono miwili na kuushusha kichwani kwa mwendo mmoja usio na papara. Ukisitasita, mtoto hugeuka kukutazama na mkono wake tayari umeshika nyaya. Maji kidogo humchuruzika shavuni. Kitambaa kikavu kiwe begani mwa mama kabla ya kuanza, si baada.

Kipimo cha pili, fNIRS, hutumia mwanga ulio karibu na infraredi kupima kiasi cha oksijeni katika damu iliyo kwenye tabaka la juu la ubongo. Ni chepesi na kinabebeka. Mradi wa BRIGHT umekitumia kuwafuatilia watoto wa Gambia na wa Uingereza kuanzia kuzaliwa hadi miezi 24. Cha tatu ni MRI, ambacho hutumia sumaku na mawimbi ya redio bila mionzi ya eksirei. Katika utafiti hatumpi mtoto dawa ya usingizi kwa ajili ya MRI: ananyonya, anafungwa vizuri kwenye shuka, anazibwa masikio kwa kuwa mashine ina kelele, na tunangoja alale. Ukaguzi wa vyuma unafanyika kwa mtoto na kwa kila mtu anayeingia naye chumbani, ikiwa ni pamoja na pini, hirizi, hereni na vifungo vya nguo, na katika hili hatuna mzaha wala haraka.

Mtoto wangu ana nywele nyingi, au amesukwa. Tutakataliwa?

Hapana. Ni kweli kwamba elektrodi huhitaji kugusa ngozi ya kichwa, na nywele nyeusi na nzito huzuia sehemu ya mwanga wa fNIRS. Lakini mratibu analizungumza hilo kwenye simu siku kadhaa kabla, akieleza mtindo gani unarahisisha kipimo, na anatenga muda wa ziada wa kuzigawa nywele polepole. Familia isiambiwe kufumua nywele ikiwa imekwisha kufika mlangoni. Watafiti wakiwaacha kimyakimya watoto wa aina fulani ya nywele kwa kuwa wanachukua dakika nyingi, watachapisha habari za ubongo wa watoto baadhi na kuziita habari za watoto wote. Hilo ni kosa la kisayansi, na pia ni dhuluma.

Miadi ipangwe saa ngapi?

Saa ambayo mtoto yu macho, ameshiba na hana usingizi, na saa hiyo anaijua mama, si kalenda ya maabara. Mtoto wa miezi 3 anaweza kuwa na dakika 30 au 40 tu za utulivu kabla hajachoka, kwa hiyo kipimo ambacho hakiwezi kurudiwa kitangulie, na hojaji za mzazi zisubiri mtoto akiwa amelala. Muulize mama mtoto alilala saa ngapi jana na aliamka saa ngapi leo, kisha uhesabu pamoja naye. Ikiwa mate yatachukuliwa ili kupima kotisoli, homoni inayohusiana na msongo, saa ya kuchukuliwa iandikwe kwa usahihi, maana homoni hiyo hupanda na kushuka kadiri siku inavyokwenda, na maziwa mdomoni huharibu sampuli.

Umri nao huhesabiwa kwa uangalifu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito ni njiti, na kwa kawaida tunatumia umri uliorekebishwa, yaani tunahesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa miezi 2 kabla ya wakati na leo ana miezi 6 hulinganishwa na wenzake wa miezi 4. Mratibu asipoliweka hili wazi kwenye orodha ya miadi tangu mwanzo, atawapangia watoto hao wakati usio wao, na wazazi wataondoka wakidhani mtoto wao ana kasoro.

Mtoto hawezi kutoa ridhaa. Nani anamsemea?

Mzazi au mlezi wa kisheria huridhia kwa niaba yake, kwa maandishi, baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Mama wa mtoto wa wiki 3 huenda hajalala saa 2 mfululizo tangu ajifungue, kwa hiyo fomu atumiwe siku kadhaa kabla, na siku ya miadi aombwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe nini kitafanyika na nini anaweza kukikataa. Akikosea, kosa ni la maelezo yetu. Ridhaa ya kupigwa picha za video, ya kuhifadhi sampuli, na ya kutumia data katika tafiti za baadaye iombwe kila moja peke yake, ili mtu aweze kukubali moja na kukataa nyingine.

Mtoto pia husema, ila kwa mwili. Kilio kinachoendelea baada ya kubembelezwa, mgongo unaojipinda, uso unaogeuka kila kifaa kinapokaribia: hiyo ni hapana, na sisi huiheshimu. Itifaki iandike kabisa ni sekunde ngapi za kilio zinasimamisha kipimo, kwa sababu msaidizi aliyebakiza jaribio moja kukamilisha data atashawishika kuendelea.

Kipimo kikishindikana, familia imeharibu utafiti?

Hata kidogo. Utafiti wa watoto wachanga hupangwa ukijua kwamba rekodi nyingi hazitafaa, na idadi ya washiriki huongezwa kwa sababu hiyo tangu mwanzo.

Nitaambiwa matokeo ya mtoto wangu?

Kwa vipimo vingi, hapana, na sababu si usiri wa kitaasisi. Vipimo hivi hueleza wastani wa kundi. Havijawekewa viwango vya kumwambia mzazi mmoja kwamba ubongo wa mtoto huyu mmoja uko sawa au hauko sawa, na kumpa namba isiyo na tafsiri ni kumpa usiku wa mashaka bila faida yoyote. MRI ni tofauti kidogo, kwa sababu picha inaweza kuonyesha jambo la kitabibu ambalo hakuna aliyelitafuta. Kabla ya picha ya kwanza kupigwa, iandikwe ni daktari gani wa radiolojia atakayezisoma, kwa muda gani, nani atampigia mzazi simu, na mtoto atapelekwa wapi. Ikiwa hakuna dharura, simu hiyo isipigwe jioni ya siku ya mwisho ya juma la kazi, mzazi akabaki siku mbili bila daktari wa kumuuliza.

Mnafanya nini mama akionyesha dalili za sonona, au mkiona mtoto yuko hatarini?

Tafiti nyingi za malezi hutumia hojaji ya Edinburgh ya sonona baada ya kujifungua, iliyotolewa mwaka 1987, yenye maswali 10. Swali la 10 linauliza kama mama amepata wazo la kujidhuru. Kanuni yangu ni kwamba jibu la swali hilo linasomwa na mtu aliyefundishwa kabla mama hajaondoka, na jibu lolote isipokuwa "kamwe" linafuatiwa na mazungumzo siku hiyohiyo, faraghani, na rufaa ikihitajika. Hojaji zinazojazwa nyumbani kwa simu zimeleta tatizo jipya: mama anaweza kujibu saa 8 usiku, na jibu likakaa kwenye kompyuta hadi mtu alifungue wiki ijayo. Ikiwa hamna mtu wa kulisoma jibu hilo kwa wakati, msiulize swali hilo kwa njia hiyo.

Usiri una mpaka. Mtoto akiwa katika hatari ya kudhuriwa, sheria za mahali zinaweza kututaka tutoe taarifa, na mzazi aambiwe hivyo siku ya ridhaa, si siku ya tukio.

Baba, bibi au mlezi mwingine anaweza kumleta mtoto?

Ndiyo, mradi ridhaa ya mzazi au mlezi wa kisheria ipo. Iandikwe nani alikuja, kwa kuwa mchezo wa mtoto na bibi haulinganishwi na mchezo wake na mama.

Tunalipwa?

Nauli na muda hufidiwa kwa kiwango kilichoidhinishwa na kamati ya maadili, na hulipwa hata kama mtoto alilala na hakupimika.

Picha na sauti zetu zinatunzwaje?

Kila familia hupewa nambari, na orodha inayounganisha nambari na jina hufungiwa mahali pengine ambapo watu wachache tu wanafika. Kwa hojaji hilo linatosha. Kwa video halitoshi, kwa sababu uso ni jina. Na kinasa sauti cha siku nzima hunasa pia mgeni aliyepita, ugomvi wa watu wazima na sala ya jioni. Kwa hiyo mzazi anaweza kutuomba tufute sehemu yoyote kabla mtu hajaisikiliza, na haulizwi sababu.

Familia ikiacha kuja, ifuatiliwe hadi wapi?

Mzazi ana haki ya kujitoa bila kueleza. Lakini wengi hawajajitoa. Wamehama, wamebadilisha namba, au wanaona aibu kwa kukosa miadi miwili. Omba tangu mwanzo namba ya ndugu mmoja, kwa ruhusa, na uamue idadi ya simu ambayo ukiifikia utaacha. Kumbuka pia kwamba wanaopotea mara nyingi ndio wenye maisha magumu zaidi, na data ikibaki ya wenye nafasi tu, jibu letu kuhusu malezi litakuwa limepinda.

Mratibu mpya aepuke kosa gani tangu siku ya kwanza?

Kuamini saa za mashine. Katika utafiti mmoja niliouratibu, kamera ilikuwa na saa yake na kompyuta ya EEG ilikuwa na yake, na sikuzilinganisha kila asubuhi. Baada ya wiki kadhaa zilikuwa zimepishana kwa sekunde chache. Swali letu lilikuwa kama mtoto humtazama mama kabla au baada ya mama kutabasamu, na kwa sekunde chache hizo rekodi za familia kadhaa zilikosa maana kwa swali hilo. Akina mama wale walikuwa wamebeba watoto wao, wamepanda magari, wamekaa nasi nusu siku. Tangu hapo kila kipindi huanza kwa taa inayowaka mara moja, ikionekana kwenye kamera na kuacha alama kwenye rekodi ya ubongo kwa wakati huohuo.

Utafiti ukikamilika, familia inaambiwa nini?

Inatumiwa barua inayoeleza swali lilikuwa lipi, watoto wangapi walishiriki, nini kimeonekana na nini bado hakijulikani, nayo itumwe hata kama matokeo hayakuwa yale tuliyoyatarajia. Isiandikwe kama muhtasari wa makala ya kitaaluma. Mimi humwomba mzazi mmoja aisome rasimu kwa sauti mbele yangu, na kila sentensi anayosita kuisoma naiandika upya kabla barua haijatumwa kwa wengine.